Saini ya Saa Tisa

Kila alfajiri mama alipokuwa akijiandaa kwenda kazini, Nukta alikuwa macho, ila alijifanya amelala. Alijua kwamba mama akigundua ameamka, atasimama pale mlangoni amwagize mambo yale yale aliyomwagiza jana na juzi, na dakika hizo tano zitamfanya akimbie njia nzima. Kwa hiyo alitulia tuli chini ya shuka, akasikiliza maji yakimiminwa kwenye beseni, viatu vya mpira vikikwaruza sakafuni, kisha kitasa kikizungushwa polepole.

Mama akishatoka, siku ya Nukta ilianza. Alichemsha chai, akakata mkate, akamwosha mdogo wake na kumpeleka kwa jirani, fundi cherehani, kabla ya kukimbilia shule. Jina la Nukta alipewa na mwalimu wa hesabu alipokuwa darasa la kwanza, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote darasani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda. Mdogo wake wa miaka minne walimwita Bosi, maana tangu aanze kusema hakuwahi kuomba kitu. Alikuwa anaamuru tu.

Mama alikuwa mkaangaji katika mgahawa wa kuku na chipsi, kando ya kituo cha mafuta. Juu ya paa la mgahawa kulikuwa na picha kubwa ya kuku anayecheka. Nukta hakuwahi kuelewa kuku yule alikuwa anacheka nini.

Zamu ya mama ilikuwa ya muda wa saa nane, kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri. Ndivyo mkataba ulivyosema, na ndivyo daftari la mahudhurio lilivyoonyesha. Ikitimia saa tisa, meneja alipita jikoni na daftari lake, na kila mtu akatia saini kwamba ametoka. Kisha kila mtu akageuka na kuendelea na kazi mpaka saa tatu usiku. Saa hizo sita hazikulipwa hata senti moja. Meneja aliziita saa za kusaidiana.

"Anasema sisi ni familia moja," mama alimwambia Nukta siku moja, miguu yake iliyovimba ikiwa ndani ya maji ya chumvi. "Familia ya ajabu kweli. Anayeshiba ni baba peke yake."

"Si ukatae, mama?"

"Waliokataa ni wawili. Kesho yake hawakuwepo." Mama aliufuta mguu mmoja, akasahau kuufuta wa pili. Alikuwa ameshasinzia hapo hapo kwenye kigoda, kitambaa mkononi.

Jumamosi moja Bosi aliamka na homa. Hakuamuru chai, hakuamuru chochote, na hilo ndilo lililomtia Nukta wasiwasi kuliko joto la mwili wake. Alimkanda kwa kitambaa cha maji, akangoja. Fundi cherehani alikuwa amesafiri msibani. Jioni ilipoingia, mtoto alianza kuweweseka. Nukta alimfunga mgongoni kwa khanga ya mama, akaenda naye mgahawani.

Alipitia mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kwa ajili ya joto. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na robo. Jikoni kulikuwa na moshi wa mafuta uliowasha macho, na sakafu ilikuwa inang'aa kwa utelezi. Mama alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukaangia, akiinua kikapu cha chuma kilichojaa vipaja vya kuku, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Mama, Bosi anaungua."

Mama alimgusa mtoto shingoni. Akageuka kumtafuta meneja, aliyekuwa kwenye mlango wa kaunta akihesabu maboksi.

"Meneja, naomba niende. Mtoto hali yake si nzuri."

"Na oda kumi na nne hizi atakaanga nani? Mimi?"

"Lakini kwenye daftari nimeshatoka tangu saa tisa."

Meneja hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kufoka. "Sawa. Kama umeshatoka, basi toka moja kwa moja. Usirudi kesho."

Jikoni hakuna aliyeinua kichwa. Mama aliingiza mkono mfukoni, akampa Nukta noti mbili zilizokunjwa. "Mpeleke zahanati. Mwambie nesi mama anakuja. Nenda, mwanangu, nenda haraka."

Akaugeukia mtambo upesi, kama mtu anayetaka kumaliza jambo ili akimbie. Akainua kikapu. Mguu wake mmoja ukateleza. Nukta alikiona kikapu kikiyumba na kuanguka tena ndani ya mafuta yanayochemka, akayaona mafuta yakiruka, na akamsikia mama akitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu.

Mafuta yalimmwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole.

Meneja aliwapeleka hospitali kwa teksi, yeye mwenyewe akikaa mbele. Nyuma, mama alikuwa akitetemeka, mkono ukiwa ndani ya ndoo ya maji. Nukta alikuwa amempakata Bosi. Walipokaribia geti la hospitali, meneja aligeuka.

"Nisikilize vizuri, mama. Daftari linasema ulitoka saa tisa. Ukisema umeungulia kazini jioni hii, kutakuwa na maswali, na mgahawa utafungwa. Watu kumi na mmoja watamwaga unga kwa sababu yako. Sema uliungua nyumbani, unapika." Alitoa bahasha, akaiweka kwenye mapaja ya mama. "Hii ya kuanzia. Matibabu yote juu yangu. Ukipona, nafasi yako ipo."

Kisha akamtazama Nukta. "Na wewe ni binti mwenye akili. Unamtakia mama yako mema, sivyo?"

Nukta aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini?

Nesi alipouliza, mama alisema, "Nyumbani. Nilikuwa napika." Nesi akamgeukia Nukta, na Nukta akatazama vidole vya miguu yake. Nesi akaandika.

Bosi alipewa dawa ya maambukizi ya koo, na baada ya siku tatu alikuwa anaamuru kama kawaida. Lakini mama hakupona. Bahasha iliisha wiki ya pili. Dawa za kupaka zilikuwa ghali, na bandeji ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Meneja hakuonekana. Mama alipompigia simu, iliita mpaka ikakatika. Alipopiga mara ya tano, haikuita tena.

Wiki ya tatu mkono ulianza kutoa usaha. Mwenye nyumba alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema anawaonea huruma lakini na yeye ana watoto. Nukta aliacha kwenda shule. Alifua nguo za watu kwa ndoo, mchana kutwa, mpaka ngozi ya vidole ikabanduka. Alichopata kilitosha mkate na sukari, na siku nyingine mkate bila sukari. Bosi aliamuru maziwa siku mbili, siku ya tatu akanyamaza. Mtoto wa miaka minne alikuwa amejifunza kwamba hakuna.

"Niache nilale," mama alisema kila alipoletewa chakula. "Kuleni nyie. Mimi sina njaa." Nukta aliiona mifupa ya mabega yake na akajua kwamba anadanganya.

Siku moja Nukta alipiga moyo konde, akaenda mgahawani. Mbele ya mashine ya mama alisimama mwanamke mwingine, mgeni, akiinua kikapu kile kile. Meneja alimpokea kwenye kaunta kama mteja.

"Shikamoo. Mama anaumwa sana," Nukta alisema. "Mkono umeoza. Ulisema matibabu yote juu yako."

"Pole sana. Lakini mgahawa unahusikaje?" Meneja alisema kwa upole, wateja wakisikia. "Mama yako aliungulia nyumbani. Kasema mwenyewe. Hata hospitali imeandikwa hivyo."

Nukta aliyaelewa yote kwa mara moja. Uongo ule waliousema kumwokoa mtu huyu, sasa ndio anaowapigia nao.

Alitoka akiwa haoni njia vizuri. Keshia, dada kijana aliyependwa na mama, alimkimbilia hadi kwenye mapipa ya taka nyuma ya mgahawa, akamtilia kifuko cha chipsi mkononi.

"Mpelekee mdogo wako. Nisikilize, ipo ofisi ya kazi, ghorofa ya pili, juu ya posta. Yupo mkaguzi pale. Waambieni yaliyotokea."

"Twende wote, dada. Wewe uliona."

Keshia alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nina mtoto mchanga, Nukta. Nikifukuzwa leo, kesho hana maziwa."

"Leo umetia saini umetoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

Dada keshia alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Aliyafuta macho kwa aproni, akarudi ndani.

Mama alipoambiwa habari za ofisi ya kazi, aligeukia ukutani. "Tulishasema uongo. Tukigeuza maneno sasa, watasema sisi ni matapeli. Watatufunga, mwanangu. Halafu Bosi atakaa na nani?"

"Lakini mama, tukinyamaza utakufa."

Neno hilo lilimtoka Nukta kabla hajalipima. Alimfunika Bosi shuka, akajilaza kando yake mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya kubadilisha bandeji. Homa ya mama ilikuwa juu, akatembea akimwegemea Nukta, wakipumzika kila baada ya nyumba tatu nne. Nesi alikuwa yule yule. Alifungua bandeji, akakunja uso, akaanza kusafisha kidonda bila haraka.

"Mama," alisema bila kuinua macho, "kila siku najiuliza. Mtu anayepika nyumbani kwake, anapikaje akiwa amevaa sare ya mgahawa, na kofia yenye kuku kichwani?"

Mama alifumba macho. Nukta alikitazama kidonda, akaona jinsi kilivyokuwa cheusi pembeni.

"Hakuungulia nyumbani," alisema. "Aliungulia kazini. Saa kumi na moja na robo, nilikuwepo. Alikuwa ameshatia saini ya kutoka, lakini hawaruhusiwi kutoka. Nilikubali kusema uongo na mimi. Kama ni kufungwa, tufungwe wote."

Mama alianza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mkono wake mzima ukimshika Nukta sikio, shavu, bega, popote ulipofika.

Nesi aliweka koleo chini. "Hafungwi mtu hapa," alisema. "Mnanipa nafasi ya kuandika ukweli, na nitauandika. Lakini kwanza mama analazwa. Mkono huu ukichelewa siku mbili zaidi, tutaukata."

Mama alilazwa siku tisa, na Bosi akabaki kwa fundi cherehani. Siku ya pili yake nesi alimpigia simu mkaguzi wa kazi, na mkaguzi akaja wodini, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza mama, akamsikiliza Nukta peke yake, akaandika. Aliuliza swali moja zaidi ya mara tatu: "Wakishatia saini, wanaendelea mpaka saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Basi sihitaji kubishana na daftari," mkaguzi alisema. "Nitaenda kulisoma jioni."

Alienda jioni ile ile, na Nukta akaenda naye, maana mama alisema lazima awepo mtu wa kumwonyesha mlango wa nyuma. Waliingia saa kumi na moja na nusu. Meneja alitabasamu, akaleta kiti, akaleta soda. Mkaguzi hakukaa wala hakunywa. Aliomba daftari la mahudhurio, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa siku hiyo.

"Kumi na mmoja waliingia saa moja asubuhi. Kumi na mmoja wametoka saa tisa. Zamu ya jioni haina hata mtu mmoja." Alifunga daftari. "Kwa hiyo jikoni sasa hivi hakuna mtu."

Kisha akasukuma mlango wa jikoni. Watu kumi waligeuka, mikono ikiwa imejaa unga na mafuta.

"Sasa hawa ni nani?"

"Hawa... wanasaidia tu, mheshimiwa," meneja alisema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya pua. "Wanajitolea. Sisi hapa ni familia. Waulize wenyewe."

Mkaguzi akawauliza. "Mnajitolea?"

Mafuta yalichemka kwenye mashine. Mwoshaji vyombo alitazama sinki. Mkaangaji mgeni alitazama kikapu. Nukta aliwatazama mmoja mmoja na kuona kwamba kila mmoja alikuwa anahesabu watoto wake kichwani. Wakisema ndiyo, yamekwisha.

"Mimi sijitolei," dada keshia, yule wa kumi na mmoja, alisema kutoka kwenye kaunta. "Nina mtoto mchanga nyumbani. Nani angejitolea kumwacha mtoto mchanga mpaka saa tatu usiku? Na yule mama aliungulia hapa hapa, mimi ndiye niliyeleta ndoo ya maji."

"Na mimi niliifuta sakafu," mwoshaji vyombo alisema.

Baada ya hapo haikuwa rahisi kuwanyamazisha.

Mambo hayakunyooka siku hiyo. Meneja alikana, mmiliki wa mgahawa akaleta mwanasheria, na shauri likachukua miezi minne. Katika miezi hiyo, mama na wanawe walihamia chumba kimoja nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, na kulikuwa na siku walizolala bila chakula. Mara mbili mama alisema angeacha yote. Mara zote mbili dada keshia alikuja kumshika mkono kumpeleka kwenye kikao.

Hatimaye mmiliki aliamriwa kulipa matibabu yote na mishahara ya miezi ambayo mama hakuweza kufanya kazi. Wafanyakazi wote kumi na mmoja walilipwa saa zao za ziada, na mama naye akalipwa zake, tangu siku ya kwanza ya kila mmoja. Meneja aliondolewa. Zamu zikawa mbili, na wakaajiriwa watu wengine wanane kwa ajili ya jioni. Mama alirudi, akapewa kazi ya kupokea bidhaa stoo, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena na havitakunjika maishani. Nukta alirudi darasani, akiwa nyuma ya wenzake kwa muhula mzima, akalazimika kubaki na mwalimu kila siku baada ya masomo.

Siku ya kuchukua hundi, Nukta alimsindikiza mama hadi ghorofa ya pili, juu ya posta. Mama akitia saini kwa mkono wa kushoto, Nukta alimuuliza mkaguzi swali lililokuwa limemkaa kooni muda mrefu.

"Mama mkaguzi, kwa nini hukuja mapema? Kabla mama hajaungua?"

Mama alimkonyeza anyamaze, lakini mkaguzi alivua miwani.

"Swali la haki," alisema. "Nilikuja, mjukuu wangu. Mwaka jana nilikuja mara mbili, asubuhi. Nilionyeshwa daftari, limeandikwa vizuri, saini zote zipo. Niliamini karatasi, nikanywa soda, nikaondoka. Kosa hilo ni langu, na nitakaa nalo kila nikimwona mama yako."

Akaendelea, akimtazama Nukta kama anavyotazamwa mtu mzima.

"Ila nataka ulielewe jambo hili, wewe na wenzako, maana nanyi mtaajiriwa na wengine mtaajiri. Mtu akikufanyia kazi, anakupa saa za maisha yake, na akishakupa hawezi kurudishiwa. Kwa hiyo kumlipa saa zote si hisani, na kumwacha aende nyumbani akapumzike si upendeleo. Ni haki yake. Na ukiombwa useme uongo ili kumficha anayewanyima wengine haki, kumbuka uongo huo hautakulinda wewe. Utamlinda yeye. Ukweli unatisha kuusema, najua, wewe uliusema ukiogopa. Lakini ulipousema ndipo mkono wa mama yako ulipopona, na ndipo watu kumi na mmoja walipoanza kwenda nyumbani mchana."

Mama alimaliza kutia saini. Herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Alizitazama, akacheka kidogo, akaikunja karatasi na kumpa Nukta aibebe.

"Twende," alisema. "Saa kumi hii. Tumfuate Bosi, tukapike wote."